Petroli ya Kupoza

Kuna neno la gereji linalofanya kazi mbili. Fundi akisema injini imenoki, mwenye gari anaelewa kwamba imekufa: beringi zimeliwa au pistoni imevunjika, na mazungumzo yanayofuata ni ya bei ya injini ya mtumba. Kwa mhandisi, kunoki ni tukio la sehemu ndogo mno ya sekunde ndani ya silinda, linaloweza kujirudia mara nyingi kabla mtu hajasikia chochote. Kiswahili cha gereji kimeweka sababu na matokeo katika neno moja, nami sioni haja ya kukisahihisha. Kwenye gari lenye turbo, umbali kati ya maana hizo mbili wakati mwingine ni safari moja ya Naivasha.

Gramu 1 ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, kisibaki kitu upande wowote. Gari likitembea kwa utulivu, kontroli boksi hulishikilia papo hapo, kwa kuwa masega ya ekzosi husafisha moshi vizuri karibu na namba hiyo tu. Ukiongeza petroli, mchanganyiko unakuwa mzito. Ukipunguza, unakuwa mwepesi, kama uji. Injini isiyo na turbo hutoa nguvu zake nyingi kwenye 12.5 hadi 13 hivi. Yenye turbo, mguu ukiwa sakafuni, kwa kawaida huteremshwa hadi kati ya 11 na 11.8. Piga hesabu: kwenye 11.5, silinda inamiminiwa petroli asilimia 28 zaidi ya ile ambayo hewa iliyomo inaweza kuiunguza. Zaidi ya moja ya tano ya petroli uliyoilipia inatoka bila kupata hewa ya kuungulia.

Inakwenda kupoza. Petroli ikigeuka mvuke hufyonza joto, kama spiriti anayokupaka nesi kabla ya sindano. Na joto ndilo tatizo lenyewe, kwa sababu turbo inapoibana hewa huipasha pia. Plagi ikipiga cheche, moto husambaa kutoka hapo kuelekea kuta za silinda, huku ukiibana ile petroli ya pembeni ambayo bado haijafikiwa. Hiyo ya pembeni ikiwa na joto la kutosha, haisubiri zamu yake: hulipuka yenyewe. Mlipuko huo huigonga pistoni kama nyundo. Kwenye injini nyingi za Subaru za ukoo wa EJ, kinachovunjika kwanza ni ule ukuta mwembamba wa pistoni unaotenganisha ringi na ringi, na mwenye gari huanza kwa kushangaa oili inakwenda wapi.

Kwa hiyo ile imani ya vijiweni, kwamba ukimwaga mafuta zaidi gari linachanganya zaidi, imegeuza mambo. Nguvu huletwa na wingi wa hewa iliyosukumwa na turbo, pamoja na wakati ambao plagi inapiga cheche. Petroli ya ziada hununua tu ruhusa ya kuvikaza viwili hivyo. Ukitoka 11.5 ukapanda hadi 12.3 bila kugusa kingine, faida ni ndogo kiasi kwamba mashine ya kupimia nguvu inaweza kuiona Jumatatu na kuikosa Ijumaa. Unachokitoa kuipata ni akiba ya joto iliyokuwa ikiilinda pistoni. Upande wa pili nao una adhabu yake: mchanganyiko ukizidi uzito, petroli mbichi huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kuizimua oili iliyobaki chini, na plagi hushika masizi. Fundi mzuri wa turbo ni mtu anayemwaga petroli makusudi, mahali anapopajua.

Nimeitaja Subaru kwa sababu Nairobi haina uchaguzi katika jambo hili. Impreza ilishinda Safari Rally ikiendeshwa na Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, na mapenzi yaliyobaki yameshushwa kwenye meli bandarini Mombasa, gari moja moja, yakiwa mtumba. Injini ya EJ20, ya lita 2, ilianza na Legacy mwaka 1989 na kuagwa mwaka 2019 kwa toleo la mwisho la magari 555. Matoleo yake makali ya turbo yaliandikiwa ramani kwa ajili ya petroli bora ya Japani, inayouzwa huko ikiwa na oktani karibu 100. Gari linapovuka bahari, ramani hiyo haibaki forodhani. Inaendelea kupiga cheche mapema ikitegemea petroli ambayo pampu zetu za kawaida hazina.

Watengenezaji walilijua hilo. Katika Subaru nyingi za turbo za miaka ya 2000, kontroli boksi hutunza kizidisho kinachoeleza inaiamini petroli kwa kiasi gani. Kwenye nyingi kati yake, 1 ni imani kamili; sensa ikisikia kunoki mara kwa mara, namba inashuka na cheche inacheleweshwa. Namba hiyo husomeka kwa kompyuta ndogo katika dakika chache. Wanunuzi wengi huziangalia rimu kwanza.

Halafu huja marekebisho ya duka. Chujio la uyoga hubadilisha mwendo wa hewa mbele ya sensa inayoipima, hivyo kontroli boksi inaweza kuhesabu hewa kidogo kuliko iliyoingia na kutoa petroli kidogo. Vali inayopumulia nje, ile yenye mlio wa “pshhh” unaosikika hadi ghorofa ya tatu, hutupa hewa ambayo tayari imeshahesabiwa na kuandaliwa petroli yake. Matokeo ni moshi mweusi na milipuko ya ekzosi, ambayo nayo inapendwa. Ile geji ya bei nafuu yenye taa za rangi huunganishwa kwenye sensa ya kawaida, ambayo husoma kwa usahihi karibu na 14.7 tu. Kwenye 11.5, pale unapoihitaji, inafaa kwa muziki. Anayetyuni bila sensa ya wigo mpana anabahatisha kwa pesa za mwenzake.

Si Nairobi pekee palipo na uzembe huu. Mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani iliuza Jetfire, mojawapo ya magari ya kwanza ya abiria yenye turbo, na kwa kupoza ikaiwekea tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli. Wanunuzi wengi hawakulijaza tena. Baadaye kampuni ikawa inazing’oa turbo hizo na kuweka kabureta ya kawaida.

Kinachonisumbua zaidi ni barabara ya Mombasa. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, mgandamizo wa hewa ni takriban kilopaskali 83; pwani ni 101. Turbo iliyofungwa iongeze 80 juu ya hewa ya nje inaipa injini 163 Nairobi na 181 Mombasa: asilimia 11 zaidi, ukipunguza kidogo kwa ajili ya joto la pwani. Nozeli zilizokuwa zikifanya kazi kwa asilimia 90 ya uwezo wao siku gari lilipotyuniwa Nairobi sasa zimefika mwisho. Hewa inaendelea kuongezeka, petroli haina pa kuongezekea, na uji unakuwa mwepesi kwa mwendo wa kasi, katika joto, gari likiwa na watu watano. Hewa inazidi kuwa nzito kuanzia Mtito Andei, Voi, hadi Mariakani, ambako kuna mizani, lakini ni ya malori.