Kibarua Mwenye Mgonjwa Nyumbani
Mtu wa Kibokoni, Mombasa, amwuguzaye mamaye hawezi kutafuta kazi mbali. Hushika kibarua karibu na nyumbani, akalipwa jioni na kutafuta tena asubuhi. Yafaa ajue kwamba, kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kibarua aliyemtumikia tajiri mmoja mfululizo kwa siku zitimizazo mwezi huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, naye hustahili notisi ya maandishi ya siku 28. Akitimiza miezi 12 hupata likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili, aweze kukaa na mgonjwa. Lakini siku zikikatika, hesabu yaweza kuharibika. Basi ndugu na wapeane zamu za kuuguza, naye kila jioni aandike tarehe katika daftari.