Maabara ya Tiba: Karo Nafuu Isitupumbaze

Kila yanapotoka matokeo ya KCSE, mabinti wengi wa Pwani huitaja kozi ya maabara ya tiba. Hamu hiyo tunaifurahia. Mama mjamzito huchotwa damu kliniki, mtoto mwenye homa hupimwa malaria, na wanawake wengi hustarehe zaidi wakihudumiwa na mwanamke mwenzao. Hata hivyo, wazazi wengi huuliza jambo moja tu: karo ni kiasi gani? Swali hilo peke yake halitoshi.

La kwanza ni idhini. Bodi ya KMLTTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ndiyo inayoidhinisha vyuo vya fani hii na kuwasajili wahitimu. Chuo kikiwa hakina idhini, mwanafunzi wake hawezi kusajiliwa, hata akiwa amelipa nusu ya karo ya wenzake. Wazee walisema rahisi huvunja upishi.

La pili ni ngazi. Stashahada huchukua miaka 3 na huhitaji wastani wa C. Shahada huchukua miaka 4 na huhitaji C+. Familia yenye mkono mfupi yaweza kuanza na stashahada, binti apate kazi, kisha ajiendeleze kwa jasho lake.

La tatu ni masafa. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, hupanga karo kwa kampasi zake zote. Tofauti kubwa huwa katika nauli, malazi na chakula. Tuchukue Kangundo, katika kaunti ya Machakos. Nauli ya daraja la kawaida ya treni kutoka Mombasa hadi Nairobi ilipandishwa hadi shilingi 1,500 Januari 2024. Binti akienda na kurudi mara 2 kwa mwaka, hizo ni shilingi 6,000; kwa miaka 3 ni 18,000, kabla ya matatu ya kumfikisha Kangundo, kodi ya chumba, na safari za mazoezi ya kazi hospitalini. Huko Ukambani Waislamu ni wachache kuliko kwetu, basi tuulize mapema kuhusu chakula halali, msikiti ulio karibu na usalama wa bweni. Tuulize pia kama kampasi yenyewe inafundisha maabara, kwani si kila kampasi ina kila kozi. Huenda binti anayelala kwao na kusoma Mombasa akamaliza kwa gharama ndogo zaidi.

La nne ni chanzo cha fedha. Mkopo wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mwenye kutatizwa na jambo hilo na amwulize shekhe anayemwamini kabla ya kutia saini, si baada. Basari ya kaunti hairudishwi, tuiombe mapema. Zaka nayo ina mafungu 8 yaliyotajwa katika Suratut Tawba, na binti wa fukara hayuko nje ya mafungu hayo.

Jambo hili si geni kwetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho nacho hufundisha maabara ya tiba, kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyofunguliwa miaka ya 1950 kwa michango iliyojumuisha ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na kiongozi wa Mabohora. Waliotutangulia walijenga chuo kizima. Sisi tunaombwa kodi ya chumba cha binti mmoja, darubini yake ipate mtu wa kuitazama. Kila msikiti ukimchukua mmoja kwa mwaka, hatutakuwa tumejitwisha mzigo usiobebeka.