Fahamu: Mwili unavyofichua kama akili ipo mchezoni

Michezo ya simu inayodai kunoa ubongo ina tatizo la zamani. Mchezaji akikosea, programu haijui kama swali lilikuwa gumu au mwenyewe alikuwa anawaza kodi ya nyumba. Ndiyo maana watafiti wameugeukia mwili.

Anza na jicho. Mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionyesha kuwa mtu akisomewa tarakimu za kukariri, mboni yake hupanuka kila tarakimu inapoongezeka, kisha husinyaa anapozitaja moja moja. Kuigiza hilo si rahisi. Ila mboni hufuata mwanga pia: taa ikiwashwa tu, kipimo kimeharibika.

Kuna pia umeme wa ubongo, ambao Mjerumani Hans Berger aliunasa kwa binadamu mwaka 1924. Usingizi ukinyemelea, mawimbi ya polepole huongezeka, na mchezo unaweza kubadilishwa papo hapo. Lakini kutafuna bigijii kunatosha kuvuruga vihisio vya kichwani. Jasho la viganja, ambalo nalo hupimwa, huchochewa pia na hofu, si umakini peke yake.

Kwa hiyo ishara moja haitoshi, huunganishwa kadhaa. Na hata zikikubaliana, zinasema umekazana, hazisemi umeerevuka. Kisha kuna suala la faragha: mwaka 2019 nchini China, mikanda ya kichwani ya kupima umakini wa wanafunzi darasani ilisitishwa katika shule moja baada ya malalamiko. Ukiuziwa mkanda wa namna hiyo, uliza kwanza data za kichwa chako zinahifadhiwa na nani.