Nambari 6174, mtego usio na njia ya kutokea

TWAA kalamu na karatasi, kisha uandike 1963, mwaka Kenya ilipojipatia uhuru. Panga tarakimu zake kuanzia kubwa hadi ndogo, upate 9631. Zipange tena kuanzia ndogo hadi kubwa, 1369. Toa ndogo kutoka kwa kubwa. Jawabu ni 8262.

Rudia zoezi lilo hilo kwa kila jawabu. 8622 kutoa 2268 ni 6354. 6543 kutoa 3456 ni 3087. 8730 kutoa 0378 ni 8352 (sifuri usiitupe, ndiyo huwakosesha wengi). 8532 kutoa 2358 ni 6174. Ukiendelea, 7641 kutoa 1467 ni 6174 tena. Hutoki hapo.

Nambari yoyote ya tarakimu nne, mradi zote zisifanane kama 2222, huishia papo hapo kwa hatua zisizozidi saba.

Ajabu hii iligunduliwa mwaka wa 1949 na D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule mjini Devlali, India. Wanahisabati wengi nchini mwake waliyaona mambo yake kuwa mchezo tu. Alikuja kujulikana ulimwenguni mwaka wa 1975, Martin Gardner alipomwandika katika jarida la Scientific American.

Dharau hiyo haikukosa hoja. Mwingereza G. H. Hardy, katika kitabu alichochapisha 1940, alitaja kwamba 9801 ni mara tisa ya 1089, yaani nambari iyo hiyo ikisomwa kinyumenyume. Alisema mambo kama hayo yanafaa kurasa za mafumbo magazetini, wala hayana uzito wa hisabati. (Nasi gazetini tunayapokea kwa mikono miwili!)

Hoja yenyewe ni kwamba 6174 ni namna ya kuandika tu. Kompyuta, inayotumia 0 na 1 pekee, huiandika 1100000011110. Idadi ni ile ile, lakini tarakimu za kupanga na kupangua zimetoweka. Kinyume chake, kwamba idadi hiyo ni zao la 2 × 3 × 3 × 7 × 7 × 7 ni kweli hata ukiiandika kwa vijiti mchangani. Sifa ya pili ni ya nambari. Ya kwanza ni ya vazi lake.

Hata hivyo, naona Hardy angemwonea Kaprekar. Ajabu hii ina sababu, na sababu hiyo ni hisabati halisi. Jawabu la kwanza hutegemea tofauti mbili tu: ya tarakimu kubwa na ndogo kabisa, na ya zile mbili za katikati. Ya kwanza huzidishwa kwa 999, ya pili kwa 90, kisha hujumlishwa. Kwa 1963, tofauti ni 8 na 3. 7992 na 270 ni 8262. Tofauti hizo huweza kuungana kwa njia 54 pekee. Hivyo nambari zote 9,990 zinazoruhusiwa, kuanzia 0001 hadi 9998, hubanwa kwa hatua moja tu zikawa majibu 54. Mwanafunzi mwenye subira anaweza kuyafuata yote kwa jioni moja na kujithibitishia.

Tarakimu tatu nazo huishia 495. Tarakimu tano hazina kikomo kimoja, bali huzunguka bila kutua katika mojawapo ya mizunguko mitatu.