Si kila jogoo anayekoroma ana mafua

JOGOO anayekoroma, kukohoa na kuhema mdomo wazi aghalabu hudhaniwa kuwa ana mafua. Kwa mfugaji wa kuku wa kienyeji katika Kata ya Nsemulwa, mjini Mpanda mkoani Katavi, dhana hiyo yaweza kumaliza banda zima.

Mafua ya kuku husababishwa na bakteria. Uso huvimba, kamasi hunuka, na ugonjwa hutibika kwa antibiotiki kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Mdondo, uitwao pia kideri, husababishwa na virusi. Kuku huhema kwa shida, huharisha kijani, hupooza mabawa na kupinda shingo. Huweza kuua karibu kundi zima lisilochanjwa, wala hauna tiba.

Kinga yake ni chanjo ya I-2 inayostahimili joto, inayozalishwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Kila kuku, mkubwa kwa mdogo, hudondoshewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu.

Chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Huyo hutengwa mara moja, hauzwi, na akifa huchomwa moto au kufukiwa.