Maduka ya chokaa ya Kilwa Kivinje

Wageni wengi wa Kilwa hukimbilia kisiwani, kwenye magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wakishapita njia panda ya Nangurukuru hawakati kona kwenda Kivinje. Mimi ni mwashi wa chokaa, na naona wanapitwa na mengi. Kisiwani wanatazama magofu. Kivinje nyumba za kale bado zina wenyewe, na baadhi zina duka.

Karne ya 19 misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapa. Ilileta pembe za ndovu, na ilileta watu waliofungwa minyororo, wakauzwa. Anayesifu kuta hizi asilinyamazie hilo. Wahindi walifungua maduka, Wajerumani wakajenga boma ufukweni, na mwaka 1895 wakamnyonga Hassan bin Omari Makunganya kwa kupinga utawala wao. Baadaye makao ya wilaya yalihamia Kilwa Masoko, biashara nayo ikafuata.

Ingia kwenye nyumba mojawapo ya mtaa wa maduka. Mbele kuna baraza, chini duka, juu makazi. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, maana boriti ya mkoko hubeba dari ya zege la chokaa kwa upana usiofika mita 3. Mti ndio uliompimia fundi chumba.

Nyumba hizi huuawa na paa linalovuja, kisha saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi, ukautoa nje kupitia plasta ya chokaa. Saruji inauziba. Chumvi inagandia ndani na jiwe linamumunyuka huku nje panaonekana pazima. Nimewahi kuchomeka ncha ya mwiko kwenye ukuta wa namna hiyo: plasta ilidondoka pande zima, nyuma yake jiwe limekuwa unga. Simlaumu mwenye nyumba. Saruji ipo kila duka na hushika upesi. Chokaa hutaka kulowekwa wiki kadhaa na fundi mwenye subira. Wala sitaki tuchome matumbawe ya baharini kama zamani. Chokaa ya kiwandani inafaa, na mawe ya kuta zilizoanguka yanatumika tena.

Mwenye fedha kidogo namwambia aanze juu: mabati, kisha mfereji wa maji ya mvua, ndipo ukuta. Na duka asilifunge, hata kama anauza sukari na sabuni tu. Mlango ukifunguliwa kila asubuhi, mchwa wakianza kupanda kwenye boriti wanaonekana mapema. Nyumba iliyopigwa kufuli, sisi mafundi tunaitwa dari ikishaanguka.