Presha ya Damu: Sufuria Moja kwa Nyumba Nzima

Leo tunazungumza juu ya shinikizo la damu, ugonjwa ambao wengi wetu hapa Kabiro, Kawangware yote na Kibera tunauita presha.

Labda wewe mwenyewe umeambiwa kliniki kwamba una presha. Labda ni mume wako, au mama mkwe unayeishi naye. Muuguzi amempa dawa, halafu amemwambia: punguza chumvi, punguza mafuta, tembea, acha sigara na pombe. Mgonjwa amefika nyumbani na maneno hayo. Je, nani atayatekeleza? Mara nyingi ni wewe unayepika. Kwa hivyo mazungumzo ya leo ni yako, hata kama presha si yako.

Presha ni nini?

Moyo husukuma damu kupitia mishipa hadi kila sehemu ya mwili. Damu ikipita, inasukuma kuta za mishipa hiyo. Msukumo huo ukiwa juu siku zote, mishipa inaharibika polepole, nao moyo unafanya kazi kupita kiasi. Mwisho wake unaweza kuwa kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi, figo kuharibika au macho kupoteza nguvu.

Kipimo kina namba mbili. Namba ya juu ni msukumo wakati moyo unajikaza. Namba ya chini ni msukumo wakati moyo unapumzika. Kwa mtu mzima, chini ya 120 kwa 80 ni sawa. Ikiwa amepimwa siku tofauti na kila mara namba ni 140 kwa 90 au zaidi, ana presha. Ikiwa iko katikati, ni onyo la kuanza kujichunga mapema.

Kabla ya kupimwa, keti utulie kwa dakika tano, miguu ikiwa chini, bila kuongea. Usipimwe ukiwa umetoka tu kupanda mlima na mtungi wa maji, au umekunywa kahawa sasa hivi.

Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Wengi husema, "Mimi sina presha, kichwa hakiniumi." Lakini mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila dalili yoyote. Uchunguzi wa Wizara ya Afya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hapa Kenya karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na presha ya juu. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani.

Kwa nini presha hupanda mjini?

Watu wengine husema presha ni ya ukoo. Ni kweli ukoo unachangia, na umri pia. Lakini kuna jambo lingine lililoonekana hapa hapa Nairobi. Katika miaka ya 1980, watafiti waliwafuata Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kuja kuishi Nairobi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha ya waliohama ilianza kupanda katika miezi ya kwanza tu ya kuishi mjini. Mkojo wao ulipopimwa, ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi kuliko wa kijijini, na potasiamu kidogo zaidi. Potasiamu ni madini tunayoyapata kwenye mboga, matunda na maharagwe, na husaidia kushusha presha.

Watu wale walikuwa wa ukoo ule ule. Kilichobadilika ni maisha, hasa chakula. Na kama chakula kinaweza kupandisha presha, basi chakula kinaweza pia kusaidia kuishusha.

Nyumba moja, sufuria mbili

Chukua mfano wa nyumba moja yenye nyanya aliyeambiwa ana presha. Binti yake anampenda, kwa hivyo anaanza kumpikia peke yake. Sufuria kubwa ya familia ina chumvi na viungo vya paketi kama kawaida. Kasufuria ka nyanya ni sukuma wiki iliyochemshwa, bila chumvi hata kidogo. Wiki ya kwanza nyanya anavumilia. Wiki ya pili anasema hana hamu ya kula. Wiki ya tatu anamtuma mjukuu dukani amletee chumvi kwa siri. Tena makaa yamekwisha haraka, kwa sababu jikoni moja inapika mara mbili.

Kosa liko wapi? Binti amefanya chakula cha mgonjwa kiwe adhabu. Na amesahau kwamba wale wanaokula sufuria kubwa, hasa yeye na watoto, ni damu ya nyanya huyo huyo. Wao ndio presha inawangojea.

Shauri letu ni hili: pikeni sufuria moja, na sufuria hiyo iwe na chumvi kidogo kwa wote. Chakula kinachomfaa mwenye presha ni chakula kizuri kwa kila mtu nyumbani.

Pima chumvi yako kwa pakiti

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo ni kijiko kimoja kidogo cha chai, kilichosawazishwa. Watoto wanahitaji chini ya hapo.

Ni vigumu kupima kijiko kila siku, kwa hivyo tumia pakiti. Siku unapofungua pakiti ya nusu kilo, iandikie tarehe kwa kalamu. Kama nyumbani mko watu wazima watano, gramu 5 kila mmoja ni gramu 25 kwa siku. Pakiti hiyo haifai kwisha kabla ya siku 20. Kwa kweli inafaa ikae zaidi, kwa sababu kuna chumvi nyingine mnayoila bila kuiona. Iko ndani ya mkate, soseji na smoki, chipsi za barabarani, krisps, na viungo vya paketi vya mchuzi. Ukitia viungo hivyo, usiongeze chumvi tena.

Usisahau magadi. Wengi wetu tunatia magadi kwenye githeri au mboga za kienyeji ili ziive haraka. Magadi yana sodiamu, ile ile iliyo ndani ya chumvi inayopandisha presha. Badala yake, loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, umwage maji hayo, kisha uchemshe. Yataiva upesi na makaa yatapungua.

Punguza chumvi kidogo kidogo. Wiki hii toa robo ya ile uliyozoea, wiki mbili zijazo toa robo nyingine. Ulimi huzoea. Ladha itafute kwa kitunguu, nyanya, dhania, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu au pilipili. Na mkebe wa chumvi usiwekwe mezani.

Mafuta, mboga na matunda

Mafuta ya kupima yanapatikana kwa bei nafuu, lakini yapimie pia jikoni, kwa kijiko. Usimimine kutoka kwenye chupa. Omena na samaki unaweza kuchemsha na nyanya badala ya kukaanga mara mbili.

Kwenye sahani, mboga ziwe nyingi na ugali upungue kidogo. Sukuma wiki, managu, terere, ndengu, maharagwe, ndizi na parachichi vyote vinapatikana kwa mama mboga, na vina ile potasiamu tuliyoitaja. Mtu aliyeambiwa figo zake zina shida aulize daktari kwanza kabla ya kuzidisha vyakula hivi.

Soda na chai yenye sukari nyingi huongeza uzito, na uzito mwingi hupandisha presha. Unene si dalili ya maisha mazuri. Ukipunguza hata kilo chache, presha hushuka.

Kutembea, pombe na sigara

Unayetembea kwa haraka kutoka Kawangware hadi Lavington kufua nguo za watu tayari unafanya mazoezi. Lakini anayekaa kibandani au nyumbani siku nzima anahitaji kutembea haraka dakika 30, angalau siku tano kwa wiki. Nyanya anaweza kuanza na dakika 10 asubuhi, akisindikizwa na mjukuu.

Sigara huharibu mishipa ile ile ambayo presha inaiharibu. Pombe, iwe ya chupa au chang'aa, hupandisha presha. Miraa na muguka pia. Kwa mume, zungumza naye kwa upole wakati ametulia. Mweleze kwamba familia inamhitaji.

Dawa zisikatizwe

Chakula kizuri hakichukui nafasi ya dawa. Wengi huacha dawa wakijisikia vizuri, au kipimo kikishuka. Lakini kipimo kimeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Ukiiacha, kinapanda tena. Usiazime dawa ya jirani, kwa maana yake huenda isikufae wewe. Kama dawa inakuletea shida, au pesa za kununua zimekosekana, rudi kliniki useme. Usinyamaze.

Mama mjamzito, au anayepanga kupata mimba, amwambie mhudumu ni dawa gani ya presha anayotumia, kwa sababu nyingine zinaweza kumdhuru mtoto. Mjamzito akiumwa na kichwa sana, akiona ukungu, akivimba uso au akiumwa juu ya tumbo, aende hospitali mara moja. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba.

Mtu yeyote ambaye mdomo umepinda ghafla, mkono au mguu umekosa nguvu, hawezi kuongea vizuri, au anaumwa kifuani na kukosa pumzi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi. Kipimo kikifika 180 kwa 110, hata kama hana dalili, amwone daktari siku hiyo.

Pa kupimiwa

Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Pia muulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Serikali ilipozindua wahudumu hawa mwezi wa Septemba 2023, mikoba waliyopewa ilikuwa na mashine ya kupima presha. Akija kumwona mtoto, mwombe awapime na watu wazima wote nyumbani.

Ya kukumbuka

- Presha haiumi. Njia ya kuijua ni kupimwa.
- Pikeni sufuria moja yenye chumvi kidogo kwa nyumba nzima.
- Andika tarehe kwenye pakiti ya chumvi.
- Loweka maharagwe, acha magadi.
- Dawa inywewe kila siku, hata mtu akijisikia mzima.

Mama mpendwa, wewe ndiwe unayeshika mwiko. Anza na chakula cha leo jioni. Onja mchuzi kabla ya kutia chumvi, kisha tia nusu ya ile uliyotaka kutia.